Kola za Pont-Aven kwa jicho la fundi wa gomesi

Nashona gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, huku Kiyembe, hapa Kampala, na picha ya mwanamke yeyote naitazama kifundi: bega limekaa vipi, kitambaa kinaanguka wapi. Ndiyo maana michoro ya Mfaransa Paul Gauguin ya wanawake wa Bretagne, jimbo la magharibi mwa Ufaransa, naipenda kuliko picha zake kubwa.

Gauguin alifika Pont-Aven, kijiji cha huko Bretagne, mwaka 1886. Zamani alikuwa dalali wa hisa Paris, soko likaanguka mwaka 1882, na pesa zilipomwishia akaenda mahali ambapo chumba na chakula ni rahisi. Alipanga kwenye nyumba ya wageni ya Gloanec. Huko akashika mkaa na chaki za rangi, akawa anawachora wanawake kwa ajili ya picha alizokusudia kuzipaka baadaye.

Vazi la Pont-Aven lina kofia ya kitambaa cheupe na kola pana iliyotiwa wanga, inayofunika mabega karibu yote. Kola ya namna hiyo ni kazi ngumu. Ukikosea kidogo shingoni, inainuka nyuma kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Katika michoro yake unaona amelielewa hilo: mstari wa mkaa unaizunguka shingo, unateremka begani, na pale mwili unapogeuka kola nayo inageuka. Mikono ameirudiarudia. Nilimwonyesha mteja wangu mmoja kwenye simu, akaniuliza, "Fundi, hawa ni masista?" Nikamwambia hapana, Hajati, ni wakulima tu. Akasema basi hao wafuaji hodari.

Kutokana na michoro hiyo ndipo ikatoka "Wanawake Wanne wa Bretagne" ya mwaka huohuo wa 1886, ambayo sasa iko Munich. Kulia kuna mmoja aliyeinama kurekebisha kiatu chake. Wanawake haohao aliwatumia tena kupamba vyombo vya udongo alivyofinyanga na mfinyanzi Ernest Chaplet. Namwelewa. Vipande vya karatasi ninavyokatia mikono ya gomesi navitunza, maana bega zuri likishapatikana halitupwi.

Miaka miwili baadaye, 1888, akapaka "Maono Baada ya Mahubiri", iliyoko Edinburgh. Wanawake wametoka kusikiliza mahubiri, na mbele yao, kwenye ardhi nyekundu kabisa, Yakobo anapigana mweleka na malaika. Picha inasifiwa sana, sibishi. Lakini zile kofia zimekuwa mabaka meupe. Ukiniletea picha hiyo uniambie nikushonee, sitajua nianzie wapi. Mchoro wa mkaa wa 1886, naanza kukata leo. Gauguin alitaka kuitoa hiyo "Maono" kwa kanisa la Nizon, karibu na Pont-Aven, padri akaikataa. (Mambo aliyowatendea wasichana wadogo Tahiti baadaye, hayo siyatetei hata kidogo.)

Watu hudhani vazi la jadi limekuwapo tangu enzi za mababu. Kofia nyingi za Bretagne zilistawi katika karne ya 19 tu, kila eneo na mtindo wake. Na gomesi yetu, yenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili kushoto na mshipi mpana, yasemekana ilishonwa na fundi Mgoa, mtu wa Goa ya India, mwanzoni mwa karne ya 20. Leo nani ataenda kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba nyumbani kwao, bila gomesi?

Inakula mita sita hivi za kitambaa, na ndani yake hufungwa kikoi ili hariri isishikamane na nyonga. Kikoi chenyewe hakionekani, ila mchoraji asiyejua kwamba kipo ataichora gomesi kama gauni la kulalia. Nimeziona picha za namna hiyo zikiuzwa kwa watalii, na bei yake si ndogo. Gauguin angeuliza kwanza kuna nini chini ya kitambaa.