Kuandika historia ya marehemu baba aliyekuwa mchapakazi

Historia nyingi zinazosomwa misibani zinafanana: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua. Baba aliyeamka alfajiri maisha yake yote, akasomesha watoto, akatengeneza redio za mtaa mzima na jioni akaonekana barazani kwenye bao, anaachiwa mstari mmoja: "Marehemu alikuwa mcheshi na alipenda michezo." Huko ni kumpunja.

Anza na tarehe, maana ndizo zinazoleta ubishi. Cheti cha kuzaliwa kisipokuwepo, tafuta kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa au barua ya ajira. Mara nyingi zitagongana, kwa kuwa wazee wengi walikadiriwa umri siku ya kuandikishwa shule au kazi. Hapo uliza kwa matukio: Uhuru wa 1961 ulimkuta akichunga au yuko darasani? Wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, alikuwa ameshaoa? Vita vya Kagera, 1978, mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Ukipata mwaka bila siku, andika mwaka peke yake.

Cheo cha kazini kiwe kilekile alichokuwa nacho. Fundi mitambo na mwendesha mitambo ni watu wawili, na waliofanya naye kazi watakuwa wamekaa hapo wakisikiliza.

Sasa yale aliyoyapenda. Usiorodheshe saba, chagua mawili uyaeleze. Na usiwaulize watoto tu. Watoto wanajua baba alikuwa barazani, lakini alivyocheza anajua mwenzake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi. Kama marehemu alikuwa mtu wa kuitunza nyumba yake, yaani lile shimo kuu la kulimbikiza kete, mpaka kete za mkononi ziishe, au wa kuisafirisha (kuzitoa kete zake na kuzisambaza) mapema, mwenzake atakwambia papo hapo. Sentensi moja ya namna hiyo inamweleza kuliko sifa kumi. Kwenye redio, fungua kisanduku chake cha vifaa: bisibisi iliyotiwa mpini mpya wa mti, kopo la maziwa lililojaa skrubu za redio zilizokufa. Andika unachokiona.

Kwenye familia ndiko kunakoharibika zaidi. Mtoto aliyezaliwa nje akirukwa, ugomvi huanzia pale msibani na kuendelea hadi kwenye mirathi. Rasimu aisome mjane kwanza, kisha mkubwa wa ukoo, kabla haijachapwa. Wajukuu wakiwa wengi, taja idadi. Ugonjwa utoshe sentensi mbili. Watu hawakuja kusikiliza majibu ya vipimo. Madeni mwachie msemaji wa familia.

Maneno 500 hadi 600 yanatosha, kama dakika tano au sita za kusoma bila haraka. Chapa kwa maandishi makubwa, saizi 16, na mpe mpwa au jirani asome, kwani mtoto wa kuzaa mara nyingi hukwama kwenye jina la mama yake. Hata hivyo awepo msomaji wa akiba mwenye nakala yake.

Kwa Waislamu mazishi hayangoji, mara nyingi ni siku ileile, kwa hiyo makaburini yatoshe maneno machache. Historia kamili iandaliwe kwa ajili ya khitma au arobaini. Muda huo utumieni kuhakiki tarehe na kuwafikia rafiki zake walioko mbali.