Somo wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, aliitwa Felista, na kila padre aliposali Sala ya Ekaristi ya Kwanza yeye alingoja orodha ya wafiadini ifike kwa Felisita na Perpetua, ndipo akainamisha kichwa. Nilipokwenda Italia kimasomo aliniomba jambo moja tu, kwamba nimtafute somo wake huko makanisani.

Nilimpata Ravenna, asubuhi moja ya baridi, katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo. Kwenye ukuta wa kushoto, juu ya nguzo, watakatifu wanawake 22 wanaandamana kumwelekea Bikira Maria aliyempakata Mtoto, kila mmoja akiwa na taji mikononi na mtende ukiwatenganisha. Jua lilipopenya madirishani, vile vipande vidogo vya mozaiki ya karne ya 6 vilimetameta, nami nikasoma majina juu ya vichwa vyao hadi nikawafikia wawili hao, wamefuatana katikati ya safu.

Habari zao nilizijua. Waliuawa Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo, mwaka 203, tarehe 7 Machi. Perpetua, mwungwana wa miaka kama 22, alikuwa ananyonyesha. Felisita, mtumwa, aliingia gerezani akiwa mjamzito, akajifungua humo mtoto wa kike siku chache kabla ya kufa. Uwanjani walifunguliwa ng'ombe mkali, na Perpetua alipomwona mwenzake ameangushwa alimwendea, akamshika mkono, akamwinua. Nilitazamia kuona damu, au walau pembe za mnyama yule, lakini ukutani hamna hata jeraha moja. Wote wawili wamevaa joho lile lile la dhahabu na shela nyeupe, na bila maandishi usingejua yupi alikuwa mtumwa. Wapo wanaolalamika kwamba sura za safu ile zinafanana mno. Kwangu mimi fundi yule aliwatendea haki kuliko mahakama ya Karthago.

Jioni nilimpigia bibi simu. Nilipokwisha kumwamkia na kumweleza mavazi, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na mtoto je?"

"Hayumo pichani, bibi. Alichukuliwa na mwanamke mmoja Mkristo, akamlea kama binti yake."

"Huyo anaitwa nani?"

Nilimjibu kwamba jina lake halikuandikwa. Bibi akasema rozari ya usiku ule angeisali kwa ajili ya mwanamke huyo.