Kabla ya kuvuna joto la seva, pandisha nyuzi joto za maji

Ukitaka kuvuna joto la seva za kituo cha utafiti, usianze kuuliza ni kilowati ngapi zinapotea. Uliza maji yanayozipoza yanarudi na nyuzi joto ngapi. Kilowati 100 zilizomo kwenye maji ya nyuzi 22 hazitoshi kupasha jengo mpaka ununue pampu ya joto, yaani mashine inayotumia umeme kupandisha nyuzi hizo. Zikiwa kwenye maji ya nyuzi 45, zinapasha hewa safi inayoingia jengoni moja kwa moja.

Huko Garching, Ujerumani, kompyuta kuu ya SuperMUC ilianza kazi mwaka 2012 ikipozwa kwa maji ya uvuguvugu, na joto lake likapasha majengo. Seva zinahimili. Tena maji ya nyuzi 35 hayatoi umande kwenye mabomba katika chumba cha kawaida.

Mifumo mingi huharibikia kwenye pampu ya kusukuma maji. Kwa kilowati 100, maji yakiingia na nyuzi 35 na kutoka na 45, lita 143 kwa dakika zinatosha. Pampu ikiachwa ikimbie mpaka tofauti kati ya kuingia na kutoka ishuke kuwa nyuzi 4, inasukuma lita 358 na, kwa mabomba yaleyale, inakula umeme karibu mara 16. Joto ni lilelile, ila maji sasa yanarudi na nyuzi 39. Kwa hiyo pampu iongozwe na nyuzi za maji yanayorudi, isiwe na kasi moja siku zote.

Mwizi wa pili wa nyuzi ni valvu ya njia ya mkato, ile inayorudisha maji bila kuyapitisha kwenye seva. Ifunge, subiri saa moja, kisha shika bomba mbele yake. Likiwa bado na uvuguvugu, valvu inavuja na maji yasiyopita kwenye seva yanapoza yale ya moto.

Usichanganye alumini na shaba kwenye mzunguko mmoja: alumini italika, na uchafu wake utaziba vijia vyembamba vya mabamba yanayopoza prosesa, chipu kuu za seva. Weka kichujio cha mikroni 50 kabla ya mabamba hayo. Maji ya jengo yatenganishwe na ya seva kwa kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto bila kuchanganya maji. Utapoteza nyuzi 2 au 3, na ni gharama halali kabisa.

Siku ambayo hakuna anayehitaji joto, seva bado zinawaka. Kipoza maji cha nje lazima kiweze kubeba mzigo wote peke yake. Kabla ya kupokea kazi kutoka kwa fundi, funga valvu ya upande wa jengo seva zikiwa na mzigo kamili, na kila dakika usome nyuzi za maji yanayoingia kwenye seva mpaka zitulie.