Asilimia ya Mashine Haimsafishi Mwandishi

Msimu wa kuwasilisha tasnifu unapokaribia, steshenari za Kigoma mjini hujaa wanafunzi wanaotaka kupangiwa kurasa, kuprinti na kubaindi, na swali wanaloulizana zaidi ni kazi ya kila mmoja imetoka na asilimia ngapi ya kufanana na maandishi ya wengine. Swali hilo lina maana, lakini jibu lake halitoshi. Programu kama Turnitin huonyesha tu sehemu za maandishi zinazofanana na yaliyomo katika hifadhi yake. Kuamua kama mtu ameiba ni kazi ya msomaji. Aliyenukuu kwa uaminifu, akaweka alama za mtajo na kutaja chanzo, huweza kupata asilimia kubwa kuliko aliyechukua hoja nzima ya mwenzake na kubadilisha maneno.

Kundi linalonikera zaidi ni la wanaotafsiri. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili huchukua aya ya Kiingereza, akaigeuza, kisha akaiingiza katika sura ya pili bila kumtaja mwenyewe, na mashine mara nyingi haioni kitu. Akiulizwa, hujitetea kwamba Kiswahili hicho ni chake. Ni kweli, lakini hoja, mpangilio wake na mifano yake vyote vina mwenyewe, na huyo ndiye anayepaswa kutajwa.

Udanganyifu wa pili ni wa visawe. Tuchukulie kwamba chanzo kinasema: "Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanyika usiku kwa sababu mwanga wa taa huwavuta samaki juu." Mwanafunzi anaandika: "Shughuli ya kuvua dagaa Ziwa Tanganyika hufanywa nyakati za usiku kwa kuwa nuru ya taa huwavutia samaki kuja juu." Hapo sentensi ni ileile, imebadilishwa nguo tu, na hata akiweka jina la mwandishi mwishoni bado amechukua muundo wake. Afadhali afunge kitabu, aandike alichoelewa, kisha arudi kuhakiki: "Kwa mujibu wa Fulani (2015), wavuvi huwategea dagaa kwa taa, na ndiyo maana huingia ziwani usiku." Kwa maoni yangu, wizi mwingi huanzia daftarini, pale mtu anaponakili maneno ya kitabu bila alama za mtajo wala namba ya ukurasa, na baada ya miezi kadhaa hajui tena lipi ni lake.

Wengi huuliza pia kama kila jambo linahitaji chanzo. Kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji kutajiwa mtu. Tarehe yenyewe ni suala jingine: kitabu cha Stanley cha 1872 kinasema 10 Novemba, ilhali shajara ya Livingstone, iliyochapishwa 1874 baada ya kifo chake, inaelekeza siku za mwisho za Oktoba. Anayeandika tarehe mojawapo bila kusema ameitoa wapi ameficha mgogoro ambao msomaji alistahili kuujua.

Kuhusu wazee wanaohojiwa, mtindo wa APA (kanuni za kutaja vyanzo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, hutenganisha mambo mawili. Mazungumzo ya kawaida ambayo msomaji hawezi kuyapata popote hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe kamili, wala hayaingii katika orodha ya marejeleo. Mzee wa Ujiji aliyehojiwa kama mshiriki wa utafiti wako ni data. Huelezwa katika sura ya mbinu, na jina lake hulindwa kama mlivyokubaliana.

Mpangilio wa kurasa hausumbui sana, mradi mwongozo wa chuo usomwe kwanza, maana ukitofautiana na APA ni wa chuo unaofuatwa. Dondoo la maneno 40 au zaidi husogezwa ndani kwa nusu inchi bila alama za mtajo. Kazi yenye waandishi watatu au zaidi hutajwa kwa jina la mwisho la mwandishi wa kwanza na "wenzake". Katika marejeleo, jina la mwisho hutangulia: Juma Hamisi Mrisho huwa Mrisho, J. H. Kabla ya kubaindi, pitia matini na orodha sambamba, jina kwa jina. Lililotajwa ndani lionekane katika orodha, na lililomo katika orodha bila kutajwa popote liondolewe.