Linux haitoi sauti? Tafuta ilipokwama kabla ya kufomati

Ukifungua mipangilio ya sauti ukakuta pameandikwa "Dummy Output", ujue programu inayogawa sauti haijaona kadi yoyote, ikaamua kujiwekea kadi ya bandia ili programu nyingine zisigome. Hakuna mahali iliposema kadi imeungua. Lakini ukimpelekea fundi wa haraka, iwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, dawa ya kwanza atakayokupa ni kufomati. Bando linaisha kwenye masasisho, halafu mashine inarudi nyumbani bubu vilevile, kwa sababu mfumo umewekwa kutoka flashi ileile isiyo na faili linalotakiwa.

Sauti kwenye Linux inapanda ngazi. Chini kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, na draiva zake za ALSA, yaani programu zinazoendesha kadi ya sauti. Juu yake kuna mgawaji: PulseAudio kwenye mifumo ya zamani kidogo kama Ubuntu 22.04, PipeWire na mwenzake WirePlumber kuanzia Ubuntu 22.10 na Linux Mint 22. Halafu ndiyo zinakuja Firefox, VLC na wenzao. Wengi huanza kuhangaika na VLC. Anza chini, kwa kuandika amri hizi kwenye terminali (dirisha la amri):

lspci -nnk | grep -A3 -i audio
aplay -l

Amri ya kwanza inaonyesha chipu iliyomo kwenye ubao na draiva iliyoishika. Ya pili inaonyesha kadi ambazo ALSA imezikubali. Kama lspci haioni kitu kabisa, ingia BIOS kwanza, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuanza. Dell Latitude na HP EliteBook, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya laptopu za mtumba, zina sehemu ya kuzima sauti humo, na kwenye mashine iliyotoka ofisini huenda sauti ilizimwa na mwenyewe wa zamani. Kama lspci inaiona chipu lakini aplay inajibu "no soundcards found", shida iko kwenye draiva au famuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe).

Hapo kwenye famuwea ndipo laptopu nyingi mpya-mpya zinapokwama. Mashine za Intel za kuanzia kama 2019, hasa zenye maikrofoni ya kidijitali ndani ya fremu ya skrini, hutumia draiva inayoitwa SOF. Sehemu ya sauti ya mashine hizo ina prosesa ndogo ya peke yake, na kila mashine inapowaka lazima kerneli ipakie famuwea humo. Faili lisipokuwepo, kadi haizaliwi. Ushahidi uko kwenye kumbukumbu za kerneli:

sudo dmesg | grep -i -E 'sof|snd|hda'

Tafuta maneno "sof firmware file is missing", au mstari wa "firmware" unaoishia na -2. Hiyo -2 ni namba ambayo kerneli hutumia kusema faili halipo. Kwa Debian na Ubuntu dawa ni hii:

sudo apt install firmware-sof-signed alsa-ucm-conf

Fedora wanaiita alsa-sof-firmware. Kwenye Debian hakikisha /etc/apt/sources.list ina neno non-free-firmware kwa toleo la 12, au non-free kwa toleo la 11. Bila hilo apt itakujibu kwamba pakiti haipo. Ukimaliza, zima na uwashe upya.

Kama mashine haina intaneti, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huichukulia simu kama kadi ya mtandao bila kudai draiva ya ziada. Wengine hushusha mafaili ya .deb steshenari, wakabeba kwenye flashi na kuyaweka kwa dpkg -i. Njia nzuri, ila ina mtego wake: kwenye Ubuntu 22.04 na 24.04 draiva za sauti haziko kwenye pakiti kuu ya kerneli, ziko kwenye linux-modules-extra. Ukileta kerneli mpya kwa flashi ukaacha hiyo, mashine inawaka vizuri, sauti hakuna. Andika uname -r uone namba ya kerneli inayotumika, na pakiti ya linux-modules-extra unayoshusha iwe na namba ileile, tarakimu kwa tarakimu.

Famuwea ikiwepo na SOF bado inakataa, unaweza kuirudisha kadi kwenye draiva ya zamani. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf lenye mstari huu mmoja:

options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1

Mara nyingi spika zitafufuka, lakini maikrofoni ile ya ndani itapotea. Kwa mtu wa mikutano ya mtandaoni hiyo ni hasara. Kwa DJ wa harusi haina neno.

Mwenye Windows na Linux kwenye mashine moja aangalie pia Fast Startup ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, na chipu ya sauti inaweza kuachwa katika hali ambayo Linux haiielewi. Ndani ya Windows andika shutdown /s /t 0, halafu washa Linux. Sauti ikirudi, zima Fast Startup moja kwa moja.

Sasa chukua kwamba aplay inaiona kadi lakini masikio hayasikii. Fungua alsamixer. Inapofunguka hukuonyesha kadi ya PipeWire au PulseAudio yenye mhimili mmoja tu, na watu wengi huishia hapo. Bonyeza F6, chagua kadi halisi, kwa kawaida jina lake lina HDA Intel au sof. Itatokea mihimili ya Master, Headphone, Speaker na PCM. Chini ya kila mhimili soma herufi: MM maana yake umefungwa, 00 maana yake uko wazi. Fungua kwa kubonyeza M, pandisha kwa mshale wa juu. Kisha hifadhi:

sudo alsactl store

Jaribu hapohapo kwa speaker-test -c 2 -t wav. Utasikia sauti ya mwanamke ikitaja kushoto na kulia kwa Kiingereza. Ikisikika, kadi ni nzima, na kilichobaki ni mgawaji kupeleka sauti kusikostahili, mara nyingi kwenye HDMI. Hili linawasumbua sana wenye vibanda umiza: laptopu imeunganishwa na runinga siku ya Simba na Yanga, kesho yake spika zake hazitoi kitu. Fungua pavucontrol, programu ya kumwongoza mgawaji, ukurasa wa Configuration, uchague Analog Stereo Duplex. Au, kwenye mashine ya PipeWire, andika wpctl status, soma namba ya kifaa unachotaka chini ya Sinks, kisha wpctl set-default ikifuatiwa na namba hiyo. Mgawaji mwenyewe akiganda, humwamshi kwa sudo, kwa sababu ni huduma ya mtumiaji:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Ubovu mwingine unahusu zaidi sisi tunaokaa karibu na maji, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na vibati vya ndani ya tundu la hedifoni hushika kutu. Kibati cha kuhisi jeki kikikwama, mashine huamini kuna hedifoni hata tundu likiwa tupu, na hufunga spika. Angalia:

pactl list sinks | grep -i -A6 ports

Kama hakuna kitu kilichochomekwa lakini mstari wa headphones haujasema "not available", umempata mchawi. Zima mashine, chomoa chaja, chovya kijiti chembamba cha pamba kwenye spiriti safi ya aisopropili, zungusha ndani ya tundu taratibu, acha ikauke kabisa. Sanitaiza ya mikono usiitumie. Nyingi zina glisirini au jeli, ambayo hubaki humo na kunasa vumbi. Kama bado hujapata spiriti, lazimisha spika kwa amri:

pactl set-sink-port @DEFAULT_SINK@ analog-output-speaker

Kwenye mashine za SOF jina la tundu ni tofauti, mara nyingi "[Out] Speaker". Nakili kama lilivyoandikwa kwenye orodha, ulitie ndani ya alama za kunukuu.

Kuna pia "tak" ndogo kila sauti inapoanza, na neno la kwanza kumezwa. Hiyo ni kadi inayolazwa kuokoa betri. Kwenye faili lile la modprobe ongeza options snd_hda_intel power_save=0. Kama una TLP, programu ya kuokoa betri, weka SOUND_POWER_SAVE_ON_BAT=0 kwenye mipangilio yake, maana itabatilisha ulichoandika. Mvumo mzito unaotoka kwenye amplifaya ni habari nyingine, wala haumo kwenye Linux: chomoa chaja, na mvumo ukikata, ni mzunguko wa waya wa ardhi. Nunua kitenganishi chenye transfoma kiwekwe kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ardhi ya plagi hata ukiona jirani amekata.

Na tundu likiwa limekufa kabisa, kikadi cha USB kinatosha. Vile vya bei ya chini mara nyingi vina chipu ya C-Media, kwa lsusb utaona 0d8c, na draiva ya snd-usb-audio tayari iko kwenye kerneli. Nenda dukani na laptopu yako, chomeka, andika aplay -l, uone kadi ya pili imetokea, na uijaribu kwa hedifoni kabla hujatoa hela. Ukifika nyumbani ifanye ndiyo ya kawaida kwa wpctl set-default, na WirePlumber itaikumbuka kila ukiichomeka.