Nafasi kati ya mche na mche: nilivyopanga nyanya kwenye matuta madogo

Matuta yangu ya nyanya yana upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 240, na kila nilipoandaa miche swali lililonisumbua lilikuwa ni miche mingapi ikae humo bila kubanana. Nilikuwa nimekusanya vipimo vingi, kuanzia sentimita 40 hadi zaidi ya mita moja, na kila aliyenipa chake alikuwa na hakika nacho. Baada ya kupanda kwa misimu kadhaa na kulinganisha matuta mawili yanayopakana, nimeridhika kwamba vipimo hivyo vyote vinaweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila kimoja kinahusu mmea uliotunzwa kwa namna yake.

Jambo la kwanza kujua ni aina ya nyanya iliyopo mkononi. Nyanya fupi hufika kimo fulani na kukoma, ncha ya shina ikaishia kwenye kichala cha maua, halafu mmea hutanuka pembeni. Hii naipa sentimita 60 kati ya mche na mche, na sipunguzi matawi yake, kwa sababu matawi hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya matunda. Nyanya ndefu huendelea kurefuka muda wote inapokuwa hai, na yenyewe hutegemea mkulima ameamua kuipa umbo gani: nikiibakizia shina moja na kuifunga kwenye mti, sentimita 45 zinaitosha, nikiiachia mashina mawili, naipa 60. Ikiachwa itambae chini bila kusimikiwa mti, hudai sentimita 90 au zaidi, na kwa maoni yangu hiyo haifai kabisa kwenye tuta dogo.

Kwenye tuta langu hupanda mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 60, kila mstari ukiwa sentimita 30 kutoka ukingoni. Mstari wa pili nauanza katikati ya nafasi za mstari wa kwanza, ili miche ipishane badala ya kutazamana. Kwa sentimita 60 napata miche 4 upande mmoja na 3 upande wa pili. Kwa sentimita 45 napata 5 na 4. Ningeipanga ikitazamana ningeongeza mche mmoja, lakini nimechagua kuukosa, kwa sababu miche inayopishana hupata mwanga pande zote, na mkono wangu hufika katikati ya tuta bila kuvunja matawi.

Faida kubwa ya nafasi niliiona kwenye umande. Tuta moja nilikuwa nimelipanda kwa sentimita 30 ili nilinganishe, na jirani yake kwa 45. Asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, niliyafunua majani kwa mkono katika matuta yote mawili. Kwenye tuta lenye nafasi majani ya ndani yalikuwa makavu sawa na ya nje, ilhali kwenye tuta lililobanana majani ya nje yalikuwa makavu na ya ndani bado yana matone, hasa yale ya chini yaliyogusana na ya mche wa pili. Kuvu wanaoitwa ukungu, wanaoleta bakajani, yaani ugonjwa wa madoa yanayokausha majani, huhitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ili wapate kuota na kupenya, kwa hiyo saa zile za ziada za unyevu ndizo zinazowafungulia njia. Madoa ya kahawia yalianza kwenye majani hayo ya chini na kupanda juu, wakati tuta la pili lilikuwa bado safi.

Sidai kwamba kubananisha miche hupunguza mavuno ya tuta papo hapo. Miche mingi huweza kuongeza jumla ya matunda kwa eneo, mradi rutuba, maji na kupogolea viende sambamba. Kinachopungua ni mavuno ya kila mche na ukubwa wa tunda, na kazi ya kuyatunza inaongezeka maradufu, kwa sababu wadudu na matunda yaliyooza hujificha mahali jicho lisipofika. Mimi hupendelea miche michache ninayoweza kuikagua mmoja mmoja.

Ninapopanda hutumia kijiti nilichokitia alama ya sentimita 45 na ya 60, kwa sababu jicho hudanganyika mche unapokuwa mdogo na udongo unaonekana mtupu. Miti ya kufungia naisimika kabla ya miche, ili nisije nikachoma mizizi baadaye. Mche naufukia hadi karibu na majani ya kwanza, kwani sehemu ya shina iliyo ndani ya udongo huotesha mizizi mipya.

Sentimita 45 zina sharti lake. Machipukizi yanayoota kwapani mwa majani lazima yaondolewe mara kwa mara, yangali na urefu wa kidole, majani yakiwa makavu. Mmea ukishakua naondoa pia majani ya chini hadi kimo cha takriban sentimita 30, natandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo, na maji nayamwaga shinani. Asiyekuwa na muda wa kazi hiyo namshauri kwa dhati aanze moja kwa moja na sentimita 60 hata kwa nyanya ndefu, maana machipukizi yaliyosahaulika huijaza nafasi upesi mno.

Uwazi ulio kati ya miche michanga naupandia saladi au figili, ambazo huvunwa kabla nyanya hazijatanuka. Viazi mviringo siviweki hapo kamwe, kwa kuwa ni jamii moja na nyanya na bakajani huvishambulia vyote viwili. Miche inayobaki kitaluni, ambayo ndiyo hushawishi watu wengi kuichomeka katikati ya mingine, naihamishia kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, mche mmoja kila ndoo.