Navaa kwa ajili ya kuanguka

Mtu wa kwanza kunifanya nifikirie mavazi yangu ya pikipiki alikuwa mzee mmoja wa Tandahimba, na wala yeye hana pikipiki. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kupulizia mikorosho. Mimi ni afisa ugani. Nilikuwa nimesimama chini ya mkorosho wake nikiwaeleza watu kama kumi na tano kwamba unga wa salfa unachoma macho na unaingia kifuani, kwa hiyo anayepuliza afunge barakoa, avae buti, glovu na shati la mikono mirefu, tena asielekee upepo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniangalia miguuni.

"Bwana shamba," akasema, "sisi salfa ikitupata tunanawa. Wewe ukianguka na hizo ndala, utanawa?"

Nikamwambia, "Nimekusikia, babu." Kweli nilimsikia, lakini buti sikununua.

Nilianguka mwaka 2021. Siku hizo lami ya kutoka Mtwara mjini ilikuwa inaishia Mnivata, kilomita 50, na kutoka hapo ilikuwa udongo na mchanga mpaka Newala. Nilikuwa narudi mjini. Ukishapigana na mchanga saa nzima, tairi likigusa lami mwili wote unalegea na mkono unafungua mafuta wenyewe. Hapo mwanzoni mwa lami magari yalikuwa yamemwaga mchanga mwembamba, hauonekani mpaka uwe juu yake. Tairi la mbele likaondoka. Mwendo wangu haukuzidi 40.

Kichwani nilikuwa na kofia ngumu, nayo ilibaki na mkwaruzo upande wa sikio, mrefu kama kidole. Sehemu nyingine zote nilikuwa nimevaa kama mtu anayekwenda sokoni: fulana, jinzi, ndala. Jinzi ilitoboka gotini tundu la ukubwa wa kisahani cha chai. Ndala sikuziona tena. Kilichoumia kuliko vyote ni kiganja cha kushoto, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza mkono kabla hajafikiri. Muuguzi alikaa na kiganja changu chini ya taa, anasugua kwa brashi kutoa punje za changarawe moja moja, kwa sababu zikibaki zinaota usaha. Aliniambia niangalie ukutani. Niliangalia, na mpaka leo nakumbuka kila ufa wa ukuta ule.

Wiki tatu mke wangu alinifunga vifungo vya shati na kunimenyea machungwa. Siku ya kubadilisha bandeji, binti yetu wa miaka mitano alikuwa anatoka nje mwenyewe bila kuambiwa, anakaa kibarazani mpaka tumalize. Zamani nilikuwa nikisema mwili ni wangu, nikichubuka nitachubuka mimi. Wiki zile ziliniondolea maneno hayo mdomoni.

Nikiwa nyumbani na mkono mmoja nilisoma sana kwenye simu. Kilichonisaidia zaidi ni utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011, wa waendesha pikipiki 212 waliopata ajali eneo la Canberra. Waliokuwa wamevaa suruali ya pikipiki walilazwa hospitali karibu nusu tu ya wasiovaa, na waliovaa glovu hali yao ilikuwa nzuri zaidi hata ya hapo. Hata buti isiyo ya pikipiki ilipunguza majeraha ya mguu kwa zaidi ya nusu, ukilinganisha na viatu vya kawaida na raba. Lakini vile vilinzi vigumu vya magotini na viwikoni havikuonekana kuzuia mifupa kuvunjika. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili. Maana yake nguo inaokoa ngozi, na mfupa unaokolewa na mwendo.

Hapa kwetu huwezi kuingia dukani ukatoka na seti nzima, kwa hiyo nilikusanya kidogo kidogo. Nilianza na buti, za ngozi, za mitumba, zinazopanda juu ya kifundo cha mguu. Glovu nilichukua duka la vifaa vya ujenzi, zile za ngozi za wabeba mizigo. Nilijaribu kwanza za mafundi wa kuchomelea, ni nene mno, huisikii klachi. Koti lilinichukua miezi minne. Nilimwachia oda mama mmoja anayefungua marobota ya mitumba, nikamweleza nataka koti la pikipiki lenye kitambaa cha matundu kifuani na vilinzi viwikoni na mabegani. Alinipigia simu siku lilipotoka, akaniuzia shilingi 35,000. Suruali bado ni jinzi, ila fundi cherehani alinishonea kitambaa cha turubai kwa ndani, magotini na makalioni. Na kofia nilibadilisha. Ile iliyogonga lami niliistaafisha, kwa kuwa povu gumu la ndani likishaminywa mara moja halifanyi kazi tena. Ukinunua kofia, vuta sponji uangalie chini yake. Kama hakuna povu hilo gumu, umeshika bakuli la plastiki.

Sasa joto. Mtu asikudanganye kwamba utazoea. Mwezi wa kumi na moja Mtwara, saa saba mchana, unyevu wa bahari juu yako, koti zito ni adhabu. Siku moja nikitoka Lindi nilianza kuona ukungu, masikio yanalia, nikasimama chini ya mwembe karibu na Mingoyo nusu saa nzima. Kama ningeendelea, koti la kuniokoa lingeniangusha. Tangu hapo natoka saa kumi na mbili asubuhi, nalowesha fulana ya ndani kabla ya kuvaa koti ili upepo wa kwenye matundu uipoze, na lita mbili za maji hazikosi. Safari ya kwenda Mikindani tu, kilomita kumi hivi, siku ya jua kali, huwa naacha koti. Glovu, buti na kofia siachi hata kwa safari ya kwenda dukani. Huo ndio uamuzi wangu. Nimeona wenzangu walionunua kila kitu kizito, wakavaa wiki moja, vikabaki msumarini.

Kuna jambo jingine sikulitegemea. Wiki ya kwanza ya koti niliangalia saa ya mwendo nikakuta 90, kwenye barabara ninayopita na 60 siku zote. Nilikuwa najisikia nimelindwa. Nilipunguza huku mikono inatetemeka, maana niliujua ule utafiti na bado nilisahau.

Kijiweni huwa naulizwa kama serikali ilazimishe koti na buti pia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kofia ngumu, na hapo naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kichwa hakina wiki tatu za kupona. Lakini kijana wa bodaboda ambaye jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, ukimtoza faini ya buti atakulipa kwa kukosa chakula. Kwake napendelea kumweleza na kumwonyesha kiganja changu. Mmoja wao, anayevaa jaketi la baridi kinyumenyume ili kuzuia upepo kifuani, aliniomba ajaribu glovu zangu. Alishika klachi, akaachia, akashika tena. "Kaka, mbona zinashika vizuri?" Kesho yake nilimkuta nazo za kwake.

Abiria ni suala lingine. Ninayembeba hakuchagua hatari yangu, kwa hiyo kofia ya pili iko nyuma kila siku, na asiyeitaka namwambia kwa heshima nitamtafutia usafiri mwingine. Mama yangu alikataa mwanzoni kwa sababu ya kilemba. Sasa anakifungua, anajifunga mtandio mwepesi, anavaa kofia juu yake.

Kilichobaki kunishinda ni mvua. Koti la matundu likilowa linakuwa zito na baridi, na koti la mvua linalotosha kuvaliwa juu yake bila kupepea bado sijalipata. Yule mama wa mitumba ana oda yangu.